Pamba ya Kibo

Jumatatu, 11 Agosti
Udongo wa mlima wangu umekauka. Leo nimepaka rangi: kijani chini, msitu, kahawia juu, jangwa. Mawenzi mashariki, Shira magharibi, Kibo katikati. Barafu ni pamba ya shambani kwetu, mama kanichagulia nyeupe kabisa. Ijumaa Kilimanjaro yangu inatoka Bunda kwenda maonyesho ya shule, Musoma. Mwelezaji ni mimi. Mwelezaji atakayeshinda atapelekwa Moshi kuuona mlima wenyewe. Nautaka mno.

Jumanne, 12 Agosti
Madam Rhobi wa jiografia alitufundisha kuuliza picha ni ya lini. Ya kitabuni ni ya zamani, Kibo yote nyeupe. Za karibuni zina vipande tu. Nimebandua pamba karibu yote. Imeniuma.

Jumatano, 13 Agosti
Madam ameuona. "Nyangeta, mlima gani huu wenye upara?" Darasa zima likacheka.
"Ndivyo ulivyo sasa, Madam."
"Waamuzi wanaangaliaga uzuri kwanza. Rudisha."
Nimekataa. Kwa adabu, lakini nimekataa.

Alhamisi, 14 Agosti
Mwelezaji sasa ni Veronika wa darasani kwetu. Pamba ameirudisha Madam mwenyewe, hadi mabegani mwa Kibo. Mama anasema, "Si ungekubali tu, mwanangu? Pamba si tunayo?" Sikula.

Ijumaa, 15 Agosti
Musoma. Mlima nimeubeba mimi. Veronika kaeleza vizuri mpaka mwamuzi alipouliza kwa nini kilele cha Kibo kinaitwa Uhuru. Veronika akanigeukia. Nikamnong'oneza: kilipewa jina hilo mwaka tulipojitawala. Akasema kwa sauti. Wakapiga makofi.
Ameshinda.
Mwamuzi mmoja aliisifu theluji. Tukirudi nilitazama ziwa mpaka halikuonekana tena. Namchukia Madam. Namchukia zaidi kwa sababu alinifundisha vizuri.

Jumatatu, 8 Septemba
Veronika amerudi kutoka Moshi. Darasani kasimulia baridi na mawingu. Mlima wangu uko ofisini kwa mkuu, mweupe vilevile.
Tulipokuwa bombani akanisogelea. "We Nyangeta. Ni upara kweli."
Nilidhani ningefurahi. Nilimuuliza barafu iliyobaki iko upande gani. Kumbe hakuangalia.
Nikamtwika ndoo yake. Ningeangalia mimi. Nitaangalia. Isiishe tu kabla sijafika.