Koroboi ya Mtoto Jurek

Rashidiya,
Dubai.
12 Oktoba 2025

Mpendwa mdogo wangu Fanuel,

Neema na amani zikae nyumbani mwako, kuanzia kizingitini hadi jikoni kwa shemeji Anande. Goti lako linaendeleaje? Na yule ng'ombe mweusi, alizaa salama? Sisi huku tu wazima. Irene mwanangu na mumewe Isaiah wananitunza kuliko ninavyostahili, na mjukuu amekwisha kuota meno mawili. Joto nalo limeanza kupungua. Sasa naweza kutembea alasiri bila kutafuta kivuli cha kila ukuta.

Tulipozungumza kwa simu Jumatano uliniuliza mbona sauti yangu ni ya mtu mgonjwa, nami sikukujibu. Jambo nililo nalo linahitaji kuandikwa, ili usiweze kunikatiza kwa kunionea huruma. Nimemwomba Sharifu, yule Mtanzania anunuaye bidhaa kule soko la Naif, akuletee barua hii mkononi pamoja na kifurushi kidogo. Anasafiri Alhamisi. Tafadhali usikifungue kabla hujamaliza kusoma.

Irene, kama ujuavyo, anamhudumia bibi mmoja mzee, mtaa wa tatu kutoka hapa. Bibi huyo ni Mpolandi, jina lake Danuta, mwenye umri wa miaka tisini. Mwanawe ni mhandisi wa ndege, naye alimleta huku akae naye baada ya kuanguka na kuvunjika nyonga. Mwezi uliopita Irene alirudi kutoka kazini akicheka, akaniambia, "Baba, madam wangu leo amenifukuza jikoni kwa Kiswahili!" Siku ya pili nilikwenda kumwamkia.

Nilimpa shikamoo, kwa kuwa amenizidi miaka kumi na mmoja. Akanitazama sana, kisha akasema, "Marahaba, kijana. Wewe mtu ya Tengeru? Mlima Meru iko, ama mmeuza?" Nikamwambia uko, ila wateja ni wengi. Alicheka hadi akakohoa.

Fanuel, yeye ni mmoja wa wale watoto wa kambi ya Wapolandi kule kwetu Tengeru. Ulizaliwa baada ya kambi kufungwa, kwa hiyo nitakueleza kama alivyonieleza. Mwaka 1939 nchi yao iligawanywa, Wajerumani upande mmoja na Warusi upande wa pili. Baba yake, aliyekuwa mwalimu, alichukuliwa na Warusi akapigwa risasi msituni pamoja na maelfu ya wenzake. Majira ya baridi yaliyofuata askari walikuja alfajiri, wakampa mama yake nusu saa afungashe vitu, wakawapakia katika mabehewa ya mizigo hadi Siberia. Huko watoto walikula magome ya miti. Walipoachiliwa walipitia Uajemi, wakavuka bahari, wakafika kwetu mwaka 1942: mama, Danuta mwenye miaka saba, na mdogo wake Jurek mwenye miaka mitatu.

Jurek alikufa kwa malaria kabla hata mwezi haujaisha, wakati eneo la makaburi lilikuwa bado halijapimwa. Baba yetu Anaeli, aliyekuwa kibarua wa kambi, ndiye aliyemchimbia kaburi, ukingoni mwa shamba letu, ng'ambo ya mfereji. Akapanda miche mitatu ya masale kichwani pake. Hayo ndiyo masale ambayo wewe miaka yote umeyahesabu kuwa alama ya mpaka wetu na jirani.

Mwaka 1948 mama yake aliamua kurudi Poland kumtafuta mama yake mzazi. Kabla ya kuondoka alimshika Baba mikono yote miwili, akamwomba kwamba kila tarehe mbili Novemba, siku ambayo kwao huwakumbuka wafu kwa kuwasha mishumaa makaburini, amwashie mwanawe taa. Baba aliahidi. Kwa miaka ishirini aliwasha koroboi pale kila mwaka, na ikinyesha aliifunika kwa chungu kilichotobolewa ubavuni. Huenda unakumbuka, ulipokuwa na miaka minane ulikuwa ukimbebea kopo la mafuta ya taa.

Sasa nifike kwenye kosa langu. Mwaka 1968 nilirudi kutoka chuo cha Biblia nikiwa na vitabu vingi na busara kidogo. Novemba hiyo nilimkuta Baba akijaza koroboi, nami nikamkemea mbele ya wazee wawili wa kanisa waliokuja kunipongeza.

"Baba, taa hiyo inamwangazia nani? Waliolala wako mikononi mwa Mungu. Hii ni desturi ya watu wa Roma, nawe ni Mlutheri uliyebatizwa."

"Simwombei, mwanangu," akasema. "Nilimwahidi mama yake."

Nikamjibu kwamba ahadi ya jambo lisilo sawa haimfungi mtu. Lilikuwa jibu la darasani, nami nilijivunia. Baba hakubishana na mwanawe msomi. Aliyarudisha mafuta koponi, akaiweka koroboi darini, wala hakuiwasha tena hadi alipofariki.

Bi Danuta alipomaliza habari zake, nami nikamwambia kwamba mimi ni mwana wa Anaeli, aliniuliza, "Na taa ya Jurek?" Irene alikuwa amesimama pale, akitabasamu. Nami, mwinjilisti wa miaka arobaini, niliyewazuia wengine meza ya Bwana kwa sababu ya uongo, nikasema, "Ipo, Bi Danuta. Inawashwa kila mwaka." Akaubusu mkono wangu.

Jumapili mbili mfululizo niliondoka kanisani bila kushiriki chakula cha Bwana. Jumatatu iliyopita nilirudi kwake, nikamwomba Irene aketi asikie naye, nikasema yote.

Bi Danuta hakulia. Alimwomba Irene amletee maji, wala hakuyanywa. Ndipo akanieleza jambo ambalo ningependa kulisikia mwaka 1968.

Mama yake aliporudi kwao aliambiwa na majirani kwamba mama yake mzazi alikamatwa na Wajerumani mtaani mwaka 1943, kwa kuwa alikuwa akiwafundisha watoto kusoma kwa siri jikoni, maharage yametandazwa mezani ili aingiaye adhani wanayachambua. Hakuonekana tena. Hana kaburi. Baba yake Danuta naye hakuwa na kaburi linalojulikana, na katika miaka yote ya serikali ya kikomunisti haikuruhusiwa kusema ni nani aliyemuua. Shuleni Danuta aliandika tu kwamba alikufa vitani. Barua za nje zilifunguliwa, na waliotoka nchi za Waingereza walihojiwa na polisi, ndiyo maana mama hakuthubutu kumwandikia Baba hata mstari mmoja. Alipanga foleni ya nyama tangu asubuhi, akafua nguo za wengine, akamsomesha binti yake, akafariki mwaka 1983.

Na kila tarehe mbili Novemba alikwenda na Danuta kwenye msalaba mkubwa wa makaburi ya mji, akawasha mishumaa miwili: wa mumewe na wa mama yake. Danuta alimwuliza, "Na Jurek?" Mama akajibu, "Jurek ana taa yake. Yule baba wa Tengeru hawezi kusahau."

Mishumaa miwili, Fanuel. Miaka hamsini na saba sasa, mtoto yule hakuwashiwa taa na mtu yeyote duniani, kwa kuwa wao walidhani Baba anaiwasha, naye Baba nilikuwa nimemkataza.

Bi Danuta alisema neno moja tu, "Kumbe alikuwa giza," kisha akageuza uso ukutani. Nilitoka bila kuagwa. Sikumlaumu.

Jana Irene alirudi na mishumaa miwili ya glasi, yenye kifuniko cha bati, na ujumbe: "Mwambie mzee, moja ya Jurek. Ya pili ya baba ya huyo mzee. Yeye alishika ahadi mpaka mtoto yake alikataza." Kuhusu mimi hakusema lolote, nami sikuuliza.

Mishumaa hiyo ndiyo kifurushi. Safisha chini ya masale, wala asiyaguse mtu. Novemba mbili mwaka huu ni Jumapili. Saa kumi na mbili na nusu jioni washa mmoja pale na mwingine kaburini kwa Baba, kisha mpigie Irene kwa video, maana Bi Danuta amekubali kutazama. Mimi nitakuwa mlangoni, akiniita nitaingia. Mwakani nitakuwa nyumbani, nami nitawasha kwa koroboi ya Baba. Itafute darini.

Nisalimie shemeji Anande, dada yetu Elinipa na watoto wote. Bwana akulinde utokapo na uingiapo, na akupe moyo wa Baba kuliko elimu yangu.

Wako akupendaye, kaka yako,
Matia