Bao la Mia la Seif

Jumamosi, mwezi wa tano. Asubuhi mvua, mchana jua la kuunguza kisogo, jioni hii mawingu tena. Mimi nimenuna tangu refa apulize filimbi ya mwisho, na mpaka sasa uso haujakunjuka.

Kama wewe ni mwana Korosho na umefungua ukurasa huu ukitafuta faraja, umepotea njia. Tumefungwa moja bila kule Kisarawe. Waliotufunga wanajisifu, lakini mimi nilikuwepo na nimeona. Sisi ndio tuliojifunga.

Kwa wageni wa humu: naitwa Mwanaidi, nashona nguo na kuchapa fulana pale Kwa Mathias, na ni mjumbe wa tawi la mashabiki wa Korosho FC, timu yetu ya Kibaha. Ni timu ndogo ya ligi ndogo. Uwanja wetu wa mazoezi mbuzi wanautumia kuliko sisi. Lakini ni timu ya wanachama, hakuna tajiri anayetupangia, kwa hiyo mambo mazito tunayaamua wenyewe kwa kunyoosha mikono. Kesho saa nne asubuhi tunanyoosha mikono kuhusu Seif.

Seif Mkuki, namba tisa. Alianza kutuchezea mimi nikiwa bado nasukwa mabutu. Sasa nina watoto wanaokwenda shule na yeye bado ni namba tisa yuleyule. Mvi ananyoa, lakini magoti hayanyoleki. Kila mechi ikifika kipindi cha pili unamwona anainama, anashika magoti, anajifanya anafunga kamba za viatu. Kamba zenyewe hazijafunguka.

Uongozi unataka kumpa mkataba mwingine wa miaka miwili. Na sisi kwa hali yetu tunaweza kumlipa mshambuliaji mmoja tu, wengine wanacheza kwa nauli na wali wa baada ya mechi. Akisaini Seif, Erasto anaondoka. Erasto ni kijana wa Maneromango mwenye mguu wa kushoto ambao mfano wake sijawahi kuuona hapa kwetu. Barabara ya kwao mvua ikinyesha haipitiki, lakini mazoezini anafika wa kwanza, suruali imejaa tope mpaka magotini, hajawahi kulalamika. Timu moja ya Dar imeshamwita mara mbili. Ameomba asubiri kwanza kikao chetu. Anasema anataka kucheza nyumbani.

Msimu mzima Erasto anakalia benchi kwa sababu Seif anatafuta bao la mia.

Hilo bao la mia nalo lina maneno yake. Anayehesabu ni mwenyekiti wa tawi letu, Mzee Kondo, na anahesabu kichwani. Kwenye hesabu yake yamo mabao ya bonanza, ya mechi za kirafiki, na lile alilowafunga walimu siku ya michezo ya shule. Ukiyatoa hayo Seif hafiki hata sabini. Nilisema hivyo kwenye grupu la tawi mwezi uliopita, nikatukanwa mpaka nikazima simu. Mtu mmoja aliniambia sina shukrani. Mwingine aliniambia wivu, sijui nimwonee wivu wa nini, wa kichwa cha kufungia au wa hayo magoti.

Na bado, nilipopewa kazi ya kuchapa fulana ya bao la mia, niliichapa.

Ndiyo. Mimi niliyekuwa napinga. Mzee Kondo alikuja dukani kwangu akiwa na furaha ya mtu anayeozesha, akaniambia anataka fulana nyeupe ya kuvaa ndani ya jezi, kifuani iandikwe 100, chini yake ASANTENI WANA KOROSHO. Nilichagua kitambaa kizuri. Herufi nilizipanga mara mbili ili zikae sawa. Wakati napiga pasi nilikuwa natabasamu peke yangu, nakumbuka bao alilotufungia mwaka ule tulipopanda daraja, alivyoruka mpaka tukadhani hashuki. Ndiyo shida ya kumpinga Seif. Mdomo unakataa, mikono inachapa.

Basi leo tukapanda Costa ya kukodi, tukapitia Kiluvya, ngoma juu ya mapaja, kina mama wa tawi na khanga zao mpya. Khanga zilikuwa na kazi. Tulipanga kwamba Seif akifunga tu, tunaingia uwanjani tunamtandikia apite juu yake, kama tunavyomtandikia bibi harusi. Sare tu ingetubakiza kwenye ligi. Hayo ndiyo tuliyopaswa kuyafikiria. Njia nzima hakuna aliyeitaja hiyo sare.

Kipindi cha kwanza Seif alipata kadi ya njano kwa kubishana na refa. Kocha angekuwa na akili ya kawaida angemtoa mapumziko. Hakumtoa. Kuanzia mapumziko Erasto alikuwa pembeni anapasha misuli, anakimbia kwenda, anakimbia kurudi, na mimi macho yangu yalikuwa kwake zaidi kuliko kwenye mpira. Alikuwa ananitia huruma na ananitia hasira. Ndiyo sababu niliona kibendera.

Dakika za lala salama, krosi ikaja kutoka kulia, Seif akausukuma mpira wavuni kwa goti. Uwanja ukalipuka. Lakini Erasto alikuwa amesimama karibu na mshika kibendera, na kibendera kilikuwa juu. Seif alikuwa ameotea. Nilipiga kelele. Nani anisikie, ngoma zimeshaanza, kina mama wameshavuka mstari, khanga zimeshatandazwa mpaka katikati ya uwanja. Seif akaivua jezi akaizungusha hewani, akaja anakimbia juu ya khanga na 100 yangu kifuani, herufi zimekaa sawa kabisa, anacheka na kulia kwa pamoja.

Refa alimsubiri afike mwisho wa khanga. Akalikataa bao. Halafu akatoa kadi ya njano ya pili, kwa kosa la kuvua jezi, halafu nyekundu.

Mzee Kondo akaingia uwanjani na kanzu yake. "Mwanangu, kama bao hakuna, kushangilia kuko wapi? Unamwadhibu mtu kwa kitu ambacho hakipo?"

"Mzee wangu, shikamoo," refa akamwambia. "Jezi imevuliwa, haijavuliwa?"

"Imevuliwa."

"Basi, mzee. Naomba utoke."

Na ndiyo sheria. Nimeuliza watu wanaojua, bao linakufa, kadi inabaki. Timu nzima ya watu wazima, kocha, uongozi, tawi, tumeandaa fulana, tumeandaa ngoma, tumeandaa khanga, na hakuna hata mmoja aliyejiuliza mchezaji ataionyeshaje fulana ya ndani bila kuvua ya nje. Mimi niliyeichapa sikujiuliza.

Tukabaki kumi. Kocha akaogopa, akaingiza beki. Erasto akavaa tena koti la mvua akakaa. Dakika za nyongeza wakatupiga kona, kichwa, bao. Sasa Jumamosi ijayo lazima tushinde, sare haitoshi tena, na Seif hayupo kwa sababu ya kadi.

Nilitoka pale nimepanga maneno. Wachezaji walikuwa wanabadilishia nguo kwenye darasa la shule iliyo jirani na uwanja, nikaenda moja kwa moja. Nilitaka kumwambia Seif kila kitu, kuanzia lile suala la kujifanya anafunga kamba za viatu.

Nilimkuta peke yake, amekalia dawati la wanafunzi, miguu ameinyoosha, kila goti kaliwekea mfuko wa maji baridi ya kununua. Wenzake walikuwa wameshatoka. Aliponiona aliinua mkono kama anayezuia kofi.

"Dada'angu Mwanaidi. Na wewe umekuja kunisema?"

"Sijaja kukusema, kaka. Pole."

"Kesho mnakaa."

"Tunakaa."

Akahamisha mfuko mmoja wa maji, akaubonyeza kwenye goti. "Nikitoka Korosho mimi nani? Nilikwenda Kwala kwenye viwanda wiki iliyopita, wakaniambia wanataka vijana. Wakaniomba na kupiga picha na mimi." Akacheka kidogo. "Mkono wako wewe ukoje?"

Hapo ndipo ulimi uliponisaliti.

"Uko na wewe, kaka."

"Nilijua," akasema. "Wengine nina wasiwasi nao. Wewe sina wasiwasi na wewe hata siku moja."

Nilitoka nikiwa nimekasirika maradufu. Kwanza na yeye, kwa kuniuliza swali kama lile akiwa na mifuko ya maji kwenye magoti. Mtu anajibuje? Halafu na mimi.

Kwenye gari la kurudi watu waligawanyika. Nyuma walikuwa wanasema Seif amechoka, apewe mkono wa kwaheri, tumshukuru, basi. Mbele walikuwa wanasema mtu aliyetupandisha daraja hawezi kuachwa siku aliyoanguka. Ukiwasikiliza wa nyuma wana haki. Ukiwasikiliza wa mbele nao wana haki. Nilikaa katikati, na kila upande ulikuwa unaniambia, "Si ndiyo, Mwanaidi?" nami naitikia, "Ndiyo." Erasto alikaa kiti cha mbele karibu na dereva, amejifanya amelala. Tulipofika Kwa Mathias alishuka, akanishika mkono kwa heshima, akaniambia, "Asante kwa leo, dada." Asante ya nini? Hakucheza hata dakika moja.

Mume wangu, ambaye mpira haumhusu, amenitazama jioni hii nikimenya viazi kwa hasira, akaniambia huyo Seif ameniwekea limbwata mguuni mwake. Nimemwambia anyamaze. Kisha akaniuliza swali la kijinga, ambalo kwa kweli si la kijinga: kwani mkimpa mkataba ataweza kukimbia?

Hataweza. Nimeona leo. Hata lile bao lililokataliwa, beki wao angekuwa macho kidogo Seif asingeufikia mpira. Alikuwa ameotea kwa sababu alijua akianza kukimbia nyuma ya mstari wa mabeki hatafika. Aliiba hatua, kwa sababu hatua zenyewe zimeisha. Kilichoniuma ni hicho, kuliko hata kadi.

Nimekaa hapa barazani najaribu kujidanganya kwa namna mbalimbali. Nimejaribu kusema miaka miwili si mingi. Nimejaribu kusema Erasto bado kijana, atapata kwingine. Lakini nakumbuka Seif naye alikuwa kijana, na watu wazima wa wakati ule walimpa namba tisa wakamwacha mkongwe wao. Yule mkongwe alinuna, alitukana watu, mwisho akawa anakuja uwanjani na kiti chake anakaa nasi tunashangilia pamoja. Hakuna aliyetuambia ilimchukua muda gani kufika na hicho kiti.

Ninaogopa nini hasa? Si kura. Kura ninaijua tangu msimu ulipoanza. Ninaogopa kwamba kikao chetu ni cha mikono, si cha karatasi za siri, na hapa Kibaha habari za kikao zinafika nyumbani kwa mtu kabla wajumbe hawajamaliza soda. Seif ataambiwa Mwanaidi aliunyoosha wapi. Ataambiwa na watu watakaocheka wakimwambia.

Ningeweza kusingizia kuumwa. Nimefikiria. Kichwa kinauma kweli, isingekuwa uongo mkubwa.

Lakini nikikaa nyumbani na Seif akasaini kwa kukosa mkono wangu mmoja, nitamtazama Erasto akiondoka kwenda Dar na sitakuwa na mdomo wa kumlaumu mtu. Wala nikinyoosha mkono kwa Erasto baada ya kumwambia Seif vile, sitaweza kupita mbele ya nyumba yake. Na napita kila siku, ndiyo njia yangu ya dukani.

Kwa hiyo nimeamua. Mkono wangu ni wa Erasto. Na kabla ya kikao, mapema, nitapita kwa Seif nimwambie mwenyewe kwamba leo pale darasani nilisema uongo. Mzee Kondo akisikia atasema nimeharibu umoja wa tawi. Aseme. Yeye ni wa kuhesabu mabao kichwani, asinipangie mimi.

Hodi nitapiga, hilo nina hakika nalo. Ila namjua mkewe Seif. Atafurahi kuniona, ataleta kiti, atanimiminia chai na kusogeza sahani ya vitumbua, na Seif atakaa mbele yangu amenyoosha miguu yake, anacheka, hana wasiwasi na mimi hata chembe.

Unamwambiaje mtu kwamba unampenda na humtaki, huku unakunywa chai yake?