Mlinzi wa Vichupa vya Watoto

Leo umetimia mwaka, mwanangu, tangu ulipolala usiamke, na kiti chako mezani bado hakuna anayekikalia bila kuuliza.

Wenzako pale chuo kikuu walikuita Mama Friza. Miaka kumi na mmoja uliisimamia maabara inayochunguza saratani ya damu ya watoto: ukiagiza vifaa, ukipanga zamu, ukigombana na mafundi umeme, ukivilinda vile vichupa vya damu na uboho vilivyogandishwa, kila kimoja na namba yake. Ulikuwa mtu wa kalamu. Hata jikoni kwangu uliandika tarehe kwenye kila kopo.

"Chumvi nayo inaoza?" nilikuuliza.

"Mama, kisicho na tarehe kwetu ni taka."

Ulikuwa na huruma. Wazazi waliofiwa walipokuja kuuliza kama damu ya mtoto wao bado ipo, uliwavalisha koti zito, ukawapeleka mpaka kwenye mlango wa friza, ukasimama nao. Hukuwahi kumwambia hata mmoja kwamba na wa kwako yumo.

Binti yako, Chiriku wetu, alituacha akiwa na miaka sita, kwa ugonjwa uleule ulioufanyia kazi. Kilibaki kichupa kimoja. Aina ya saratani yake ilikuwa adimu na watafiti walikihitaji, ila wewe kama msimamizi hukuruhusiwa kumtilia sahihi mtoto wako mwenyewe, na baba yake alishatangulia. Ukaniletea mimi karatasi ya ruhusa.

"Wakishakiyeyusha kinabaki nini?"

"Hakibaki kitu, mama. Yanabaki majibu."

"Basi niache nifikiri. Haraka haraka haina baraka."

Nilifikiri wiki tano. Kila ulipokuja uliitupia jicho ile karatasi pale juu ya kabati, kisha ukaniuliza habari za mgongo.

Jumapili ya wiki ya tano, sahihi sijatia, umeme ukakatika chuoni na jenereta ikagoma. Fundi wako wa maabara alitusimulia msibani kwako. Mliteremka ngazi za ghorofa tatu na kupanda tena, mkihamishia visanduku jengo la pili, na baridi ndani ya friza inazidi kuisha. Orodha ya kuokoa uliiandika wewe mwenyewe zamani: vyenye sahihi kwanza, visivyo na sahihi mwisho.

"Bosi, chukua cha mtoto wako," alikuambia. "Nani ataona?"

"Nisomee namba inayofuata," ukamjibu.

Mliokoa vichupa mia tatu na kumi na viwili. Droo ya chini, ya visivyo na sahihi, mliikuta maji.

Ulikuja kwangu mikono imebabuka kwa ile baridi. Ukasema, "Mama, ile karatasi usihangaike nayo tena." Na mimi, Mungu anisamehe, badala ya kukukanda mikono, nikakuuliza kwa nini hukuanza na cha Chiriku.

Ukanijibu:

"Haraka haraka haina baraka, mama. Si ulinifundisha wewe?"

Ukacheka kidogo, ukaosha vyombo vyangu, ukaenda zako. Hatukulizungumza tena. Kila siku nilisema nitakutaka radhi kesho, na kesho ilikuwepo, nikaizoea. Miezi minne baadaye moyo wako ukasimama.

Mwezi uliopita msimamizi mpya alibisha hodi. Vile vichupa mlivyookoa vimeanza kutoa majibu, alisema, na wapo watoto watakaofaidika. Nikauliza habari za aina ya Chiriku. Akasema hiyo haikupata majibu. Kisha akasema damu yako nayo imo mle. Uliitoa ili ilinganishwe na ya binti yako.

"Ya mama peke yake haituambii kitu, bibi. Na nafasi ni finyu, watoto wapya wanaongezeka. Tunaomba ruhusa ya familia tuiondoe."

"Muipeleke wapi?"

"Inatupwa, bibi."

Safari hii sikuomba muda wa kufikiri. Nilitia sahihi kijana wa watu akiwa bado amesimama mlangoni.

Unakumbukwa na mama yako. Kaka yako seremala. Mdogo wako mshonaji pamoja na wanawe. Mama mkwe wako. Na wenzako wote wa maabara.

Maadamu tunapumua, hutakosa kutajwa nyumbani kwetu.