Taa ya Maji kwenye Gari la Ami

Shikamoo Mama. Natumai mguu umepata nafuu.

Leo Ami Haji kanipeleka Makunduchi. Kufika Tunguu, taa ya maji ya rejeta ikawaka. Akasimama, akafungua boneti, maji yamejaa. Fundi ameshamwambia taa ndiyo mbovu, lakini kila ikiwaka yeye husimama.

"Injini ilinichemkia nikimpeleka mke wangu hospitali," akaniambia taratibu. "Hatukuwahi."

Mbele kidogo taa ikawaka tena. Nikamwambia akae, nikashuka mimi kutazama.

"Yamejaa, Ami."

Akaniangalia, akawasha gari bila kushuka.

Tumechelewa kufika Makunduchi, pweza wa nazi tuliyopikiwa ameshapoa, lakini Ami kala akaongeza. Mola akulinde, Mama. Nnakukumbuka sana.

Mwanao, Salma