Kwa Somo, Mariamu wa Vidonge

Somo yangu,

Leo naandika kwa mkono wangu mwenyewe. Usizicheke herufi zangu, zinapanda na kushuka kama njia ya kwenda shambani kwako. Barua zangu zote ulikuwa ukiniandikia wewe. Sasa nimemaliza kisomo cha watu wazima hapa Kinondoni, na mwalimu katuambia kila mmoja amwandikie mtu anayempenda. Wenzangu wamewaandikia wana wao na waume zao. Mie nimekaa na kalamu muda mrefu, kila nikianza jina la mtu linatoka lako. Na wewe umelala Chanika tangu masika.

Jirani yangu aliniona nalia msibani kwako akaniuliza, "Huyo alikuwa ndugu yako wa tumbo moja?" Nikamwambia hapana. Mie Mzaramo wa hapahapa, yeye Mkristo wa Masasi. Jina tu ndilo letu sote, Mariamu, ndiyo maana tukaitana somo. Akauliza tena, "Mlikutana wapi?" Nikamwambia, "Tulikutana tumepasuliwa vifua." Akanitazama kama nimechanganyikiwa.

Lakini si kweli, Somo? Sote pafu moja lilikuwa limeoza kwa usaha, sindano na vidonge vya miezi vimeshindwa, daktari akafungua ubavu akaliondoa lililooza. Vitanda vyetu vilikaribiana hata tungeweza kupeana mkono, kama mkono ungenyanyuka. Sista wa wodi, yule mama mnene mwenye sauti ya kuamrisha, akaona Mariamu wawili watamchanganya. Akatutofautisha kwa dawa zetu za maumivu: mie Mariamu wa Sindano, wewe Mariamu wa Vidonge.

Mie nilikuwa na vidonda vya tumbo, aspirini iliwahi kunitapisha damu, kwa hiyo nikawa nachomwa mofini. Wewe ulichomwa mara moja tu. Pumzi ikawa ndogo, midomo ikabadilika rangi, Sista akawa anakupiga shavuni, "Mariamu! Vuta pumzi, mama! Vuta!" Mie nilikuwa nasikia kwa mbali, sina nguvu hata ya kuogopa. Ulipozinduka daktari akasema mwili wako hauiwezi dawa ile. Ukapewa vidonge, na kila asubuhi anakuja kukutia ganzi kati ya mbavu ili uweze kufanya mazoezi ya kukohoa.

Nilikuonea huruma sana. Mie nikichomwa, maumivu yalikuwa hayaondoki hasa, yanasogea pembeni tu, yanakaa kama mgeni asiyenihusu. Wewe nilikuwa nakuona umeng'ata ncha ya khanga, jasho linakutoka, unahesabu vigae vya dari. Halafu siku moja ukaniambia, "Mie ndiye ninayekuonea huruma wewe, Somo. Mume wako alikuja jana, akakaa, akaondoka. Unajua aliyosema?" Nilikuwa sijui hata kama alikuja. Wewe ndiye uliyenisimulia kila neno la Baba Saidi, na kwamba mie nilimsifu sana mama yake, kisha nikamgawia Sista khanga zangu zote. Mimi? Kumsifu mama mkwe? Nilicheka mpaka mshono ukataka kufumuka, nikawa nalia na kucheka, "Usinichekeshe, Somo, nakufa!"

Na kwa ile sindano mwili wote ulikuwa ukiniwasha, tumbo limefunga kama jiwe. Hilo nalo ulilicheka.

Kisha ikaja ile asubuhi Sista aliposimama katikati yetu, mikono kiunoni. Wewe ulikuwa na homa, kohozi limekukaa kifuani kwa sababu ganzi ikiisha vidonge peke yake havikutoshi, basi unaogopa kukohoa. Mie kohozi limenikaa kwa sababu nalala tu. Akasema, "Nyie wawili mtanitia wazimu. Huyu maumivu yanamzuia kukohoa, huyu dawa inamlaza asikohoe. Pafu halijui sababu. Pafu linajua halikusafishwa." Akatupa mito, kila mmoja na wake, tuikumbatie juu ya mshono.

Alipoondoka ukaniambia kwa sauti ndogo, "Somo, tufanye hivi. Wewe ukilala nitakuamsha. Mie nikiogopa, wewe nishike." Basi tukawa hivyo. Ukawa unanirushia maganda ya machungwa usoni mpaka nafumbua macho. Na kwa kuwa mie sindano ikinikolea nikiamshwa nakohoa bila woga, nilitangulia, wewe ukafuata. Nikanyoosha mkono ukaushika. Ulikuwa unanibana vidole mpaka natamani wanichome mofini na vidoleni. Wagonjwa wengine walitusikia tunakohoa kwa zamu wakasema wale Mariamu wameanza kwaya yao. Homa yako ikashuka. Mie wakanipunguzia sindano kidogo kidogo, na siku niliyoketi bila usingizi nikakutazama uso vizuri, ndipo nikaona una mwanya. Tulikuwa tumeshakuwa marafiki kabla sijakuona.

Miaka iliyofuata sitaiandika yote, karatasi haitoshi. Mume wako, Baba Agnesi, alipoacha kazi ya kiwanda mkaenda kulima kijiji cha ujamaa huko Chanika, nilinuna. Nikasema umenitupa. Ukaja na muhogo na kuku, ukaniambia, "Kifua changu kinapenda hewa ya kule, nacho ndicho kilichonipa wewe, kisikilize." Ningebishaje mie?

Nakuja sasa penye uzito. Vumilia mwandiko.

Ugonjwa uliporudi, ukaja upande uliobaki. Daktari alisema hapana pa kukata tena. Nilikuja kukaa nawe hospitali, na vidonge vilikuwa vimeshakushinda, hata ganzi haikusaidia. Daktari, kijana mpole, akasema wanaweza kukupa mofini kidogo sana, wakiongeza polepole na kukutazama pumzi. Ukakataa. Nilikusihi, Somo. Nilikuwa siwezi kukuona vile. Ukaniambia, "Wewe iliwahi kukulevya, mume wako amekaa mbele yako usimjue. Watoto wangu hawajafika. Waje kwanza."

Kwa hiyo ukangoja. Basi la kutoka kule lilikuwa limeharibika, mume wako akaja na watoto kwenye lori la kijiji, wamekaa juu ya magunia. Walipoingia ulikuwa umejipaka mafuta uso, umeniamuru nikufunge kilemba. Ulizungumza nao mmoja mmoja. Yule mdogo ulimkosoa alivyofunga vifungo vya shati! Agnesi ulimwambia, "Soma, mwanangu. Usiache shule kwa ajili ya msiba wangu." Naye akaitikia, "Ndiyo, mama," bila kulia, kwa sababu wewe ulikuwa hulii. Mume wako ulimshika mkono tu.

Walipotoka nje kupumzika ulinigeukia. Uso wote ulikuwa umekunjamana, ndipo nikajua ulivyokuwa umebeba muda wote ule. Ukasema, "Haya, Somo. Sasa niitie ile ya kwako."

Nikamwita muuguzi.

Walikuchoma kidogo kama walivyoahidi, wakakutazama. Pumzi haikukatika. Mabega yalishuka kwanza, kisha paji la uso, kisha vidole vyako mkononi mwangu vikalegea. Ulinitazama ukasema, "Kumbe ndivyo ilivyo? Na ulikuwa unalalamika tumbo!" Ukatabasamu. Uliishi mpaka kesho yake mchana, ukizinduka na kulala, na Baba Agnesi alikuwa upande mmoja na mie upande mwingine.

Nilimuuliza daktari baadaye, maana lilinisumbua: je, sindano ndiyo iliyomchukua? Mie ndiye niliyeita. Alikaa kitako kwenye benchi pamoja nami, hakunijibu akiwa amesimama. Akasema, "Mama, ugonjwa ndio uliomchukua. Dawa ilimtua mzigo tu." Baba Agnesi naye akaniambia, "Shemeji, nilikuwa sijamwona mke wangu na uso mtulivu vile tangu mavuno." Nimeyachukua maneno hayo mawili. Siku nyingine yananitosha. Siku nyingine hayanitoshi, naamka na kukulilia.

Habari za huku sasa. Mama yake Baba Saidi anaumwa miguu, na nimegundua nampenda kweli, kumbe mofini haikusema uongo. Foleni ya sukari kwenye duka la ushirika imekuwa ndefu, wanawake tunasukia ukili wa mikeka hukohuko. Kule kwako muhogo umeshika vizuri, mume wako ananiambia jirani zenu wa kijijini walilima shamba lako lote wiki ya msiba bila kuambiwa. Mdogo bado anakosea vifungo.

Na Agnesi amefaulu kwenda sekondari, Somo. Ya kutwa, hapa mjini. Baba yake alisita, binti atakaa kwa nani? Nikamwambia, kwani mie nimekufa? Jumamosi naenda kumchukua. Nimemtengea kitanda karibu na dirisha, na nimeshamwambia Baba Saidi kuwa Jumapili binti ataenda kanisani, na asiyependa aniambie mie. Amekwenda kumnunulia viatu.

Basi lala, Mariamu. Mie nitakuombea kwa dua ya kwetu, na Agnesi atakuombea kwa sala ya kwenu, tutakuwa nyumba moja. Nakuahidi hataacha shule. Akilia kwa ajili yako nitamwacha alie mpaka atosheke, kisha nitamwandalia chai, naye atanisimulia aliyojifunza siku hiyo.

Mie wako,
Mariamu