Picha ya Mama Uliyoiomba

S.L.P. 318
Tarehe 9 Juni

Mpendwa wifi yangu,

Habari za huko? Mguu unaendeleaje, na wajukuu bado wanakupandisha ngazi kutwa nzima? Sisi tunapumua. Kikohozi changu kimeondoka, labda nacho kilichoka kukaa hapa. Najua unasema moyoni, wifi huyu akiandika ukurasa mzima kuna jambo. Lipo.

Uliomba picha ya mama, ile kaka yako aliyomchora amekaa kwenye kigoda, kwa kuwa kamera haikuwahi kumwona. Nimechelewa kujibu kwa kukosa pa kuanzia.

Unamkumbuka kaka yako alipokuwa akiandika vibao vya maduka na kuchora nyuso za watu. Tulipomzika mwanetu, nyuso aliziacha. Akawa anachora visanduku, safu kwa safu, kila siku kimoja na rangi yake. Watu wakacheka, wakasema fundi amerudi chekechea. Mimi nilivisoma, nilijua kipi ni siku ya mvua na kipi ni siku tuliyogombana. Miaka ikaenda, visanduku vikawa mistari, mistari ikapanuka, hadi ubao mzima ukawa siku moja.

Mwaka jana daktari wa macho alimwambia presha ya macho imekula mishipa ya kuonea, na hakuna dawa ya kuirudisha. Akarudi nyumbani, akakaa, akasema, "Nilikosea. Siku hazipangani. Zinalaliana."

Tangu hapo anatumia ubao mmoja tu. Kila asubuhi anapaka rangi moja juu ya ile ya jana, yote, mpaka ukingoni. Nilidhani ni ubao mpya. Barua yako ilipofika nikaenda stoo kuitafuta picha nyuma ya kabati, sikuona kitu.

"Picha ya mama iko wapi?" nikamuuliza.

"Hiyo hapo," akasema, akiuonyesha ubao.

"Umemfuta mama yako?"

"Sijamfuta. Yuko palepale alipokuwa. Sisi ndio tumepita juu."

Alipokwenda kuoga nilichukua kisu cha jikoni, nikakwangua pembeni taratibu. Ikatoka nyeupe, ikatoka bluu, ikatoka kijani, kama maganda ya kitunguu, kisha mbao tupu. Upindo wa gauni la mama uliobanduka pamoja na zile rangi niliukuta sakafuni, vumbi. Nikaacha. Yeye aliporudi alipapasa ile kona kwa kidole. Kesho yake akaanza kupaka hapohapo.

Samahani, wifi. Hakuna tena cha kukutumia.

Tangu Jumatatu hatofautishi makopo. Huniuliza, "Leo ni rangi gani?" Siku ya kwanza nilimjibu kweli, kwamba sijui. Akakaa na brashi mkononi mpaka mchana. Sasa namtajia yoyote. Jana nilisema njano. Kopo lilikuwa la kijivu, ndilo pekee lililobaki. Alipaka ubao wote, akarudi nyuma hatua mbili, akasema imependeza. Nikaitikia.

Ukiweza kuja, njoo mapema, akusikie. Asikudanganye mtu kwamba atapona.

Msalimie mumeo, binti zako wote wawili, na yule mdogo mnayemwita Bwana Mkubwa. Mungu awalindie macho yenu.

Ni mimi wifi yako, nikupendaye vilevile,
Mke wa kaka yako