Daipa Kwenye Kamba

Kanja, Jumamosi

Na bado akathubutu kusema, "Watu wengine hawana haya." Mama mkwe wangu, huyo.

Watafiti wa maji na msanii mmoja walikuwa wametundika daipa zote walizotoa mtoni kwenye kamba ndefu pale sokoni. Tulizitazama kama nguo za mtu tusiyemjua.

Ni mama mkwe huyo huyo aliyenikataza kuchoma daipa za mtoto. Ati ukizichoma, mtoto atatokwa na vidonda matakoni. Kwa hivyo mimi huzitupa mtoni, na mama yangu mzazi huchota maji ya kupikia kule chini, mto unakoelekea.

Jioni mama mkwe amenipa mfuko wa daipa za leo. "Peleka kabla giza halijaingia."

Nimeupeleka. Kesho mama yangu anakuja kumwona mjukuu wake. Atamletea uji, kama kawaida.